Nusu ya Laini ya Bi. Badria

Nilimwendea Bi. Badria Mbaruku nikiwa na bei yangu kichwani. Nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha mbele, Mtaa wa Likoma, kwenye nyumba ya bati iliyobaki imebanwa na maghorofa kulia na kushoto. Chumba chenyewe nilikifanya stoo na ofisi ya vitenge vya jumla. Yeye aliishi vyumba vya nyuma, upande wa uani, na siku hiyo mafundi walikuwa wametoka tu kumfungia faiba ya intaneti. Mimi bado nilikuwa naishi kwa bando la simu. Wakala wangu wa Guangzhou anawasha kamera, ananionyesha kitambaa kimoja kimoja, akifika kwenye rangi ninayoitaka bando linakata. Rangi ikikosewa, marobota yanakaa stoo mpaka panya wanayazoea.

"Shikamoo, Bi. Badria."

"Marahaba, Mama Beno. Pita mkekani."

Nikamweleza. Laini moja inatosha kompyuta mbili, ya kwake ya kupakata na yangu ya mezani. Yeye anunue peke yake kwa faida gani? Mimi nichangie theluthi kila mwezi, kila mtu afanye mambo yake.

"Nimekusikia," akasema.

Halafu akanyamaza. Akavuta ungo, akaendelea kuchambua mchele.

"Theluthi ni ndogo, najua," nikasema. "Tuseme nusu."

Akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Na waya nitanunua mimi."

Akapepeta.

"Na fundi nitamleta mimi, Mudi, kazi yake safi. Akitoboa ukuta ataziba na kupaka rangi."

"Haya," akasema. "Nitakujibu kesho."

Nimepatana bei na Wachina, nimepatana na Wahindi wa Mtaa wa Uhuru, nimepatana na Wakongomani wanaohesabu noti huku wakikutukana kwa Kilingala. Hakuna aliyewahi kuninyang'anya vitu vingi vile kwa kupepeta mchele.

Kesho yake alinijibu kwa swali. Kabla sijalisema swali lenyewe, niseme kwanza alikuwa nani, maana bila hivyo halieleweki.

Bi. Badria alizaliwa kwenye nyumba ile ile. Mama yake Mzaramo wa Kisarawe, baba yake Mmanyema, fundi cherehani. Alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa, akapika pilau za harusi mpaka magoti yakakataa kusimama jikoni, akabaki na kazi aliyoirithi kwa mama yake, ukungwi. Ndiye aliyekuwa akiwafunda mabinti wanaokaribia kuolewa. Nusu ya wanawake wa Kariakoo na Ilala waliozidi umri wa miaka thelathini walikaa mbele yake mlango ukiwa umefungwa, na hakuna anayekwambia aliambiwa nini. Madalali wa viwanja walikuwa wakimjia kila baada ya mvua, wanamkuta paa linavuja, wanadhani leo atauza. Anawakaribisha chai, wanakunywa, wanaondoka.

Familia alizozifunda zilitawanyika. Wengine wako Maskati, wengine Leicester, wengine Toronto. Watoto wao wanaolewa huko huko, na mama zao wanataka wafundwe kama wao walivyofundwa. Kusafiri hawezi. Basi akanunua kompyuta, akaingiza faiba, akawa anafunda wali, yaani mabinti hao wa ng'ambo, akiwa amekaa mkekani kwake.

Swali lake lilikuwa hili, alimuuliza Mudi fundi, mimi nikiwa nimesimama pembeni:

"Baba, kinachopita kwenye kompyuta yangu, kwenye ya Mama Beno kitaonekana?"

"Hapana, mama. Laini ni moja, lakini kila mashine inapokea ya kwake."

"Uniambie kweli. Kwa sababu somo la mwali likisikiwa na mtu ambaye halimhusu, mimi kazi sina. Nani tena ataniletea binti yake?"

"Kweli, mama. Ni kama bomba la maji. Limeingia moja, lakini ndoo yako ni yako."

Akamtazama sana, akanitazama na mimi. Akasema, "Haya."

Mudi akapitisha waya juu ya mlango wa ukumbi hadi mezani kwangu. Ya Bi. Badria ilipokea hewani. Wiki za mwanzo tuliendeshana kama kwenye umeme wa LUKU, nyumba za kupanga zote mnazijua: mwenye pasi ya umeme ndiye mchawi wa nyumba. Nikiwasha kompyuta tu, sauti inatoka uani:

"Mama Beno, umewasha? Mbona yangu imelegea?"

"Imelegea vipi, mama? Nimefungua barua tu."

"Barua gani nzito hivyo?"

Tukaweka zamu, kama zamu za kufagia uwanja. Asubuhi yangu, kwa sababu ya Uchina. Baada ya alasiri yake. Mudi alitucheka, akasema laini ile inabeba hata nyumba kumi. Siku moja tukasahau, tukawasha zote mbili, na hakuna kilicholegea. Zamu zikafa zenyewe.

Tukakaa vizuri. Mimi rangi zangu zikawa zinafika zilivyo. Yeye akipata mwali mpya, na familia ya huku ikihitaji sare za shughuli, anamwelekeza mama mtu: "Pita hapo mbele kwa Mama Beno, mwambie nimekutuma." Sare za shughuli moja ni marobota, si vipande. Sikumwomba afanye hivyo. Alikuwa ameona tu kwamba mpangaji anayeuza ndiye mpangaji anayelipa.

Kisha nikaleta televisheni.

Ilikuwa kubwa, nikaitundika ukutani chumba cha mbele, mteja akae kwenye robota achague nakshi kutoka kwenye kompyuta yangu bila mimi kufungua kila mzigo. Mudi akaiunganisha kwenye laini. Bi. Badria aliiona ikipita mlangoni.

"Hiyo nayo inakula?"

"Inakula ya kwangu, mama."

"Haya."

Hapo hakuna aliyefikiria zaidi. Mudi naye hakufikiria. Alikuwa amesema kweli kuhusu kompyuta, lakini televisheni za siku hizi zimekaa kama jirani mwenye mlango wazi: mashine yoyote iliyo kwenye laini ile ile inaweza kuirushia picha.

Asubuhi ya mambo yenyewe nilikuwa na Ignasi. Ignasi ni mnunuzi wangu wa Masasi, Mmakua, mtu mnene, mcheshi, mbishi wa bei. Tulikuwa tumebishana vya kutosha, yeye amekaa kwenye robota, kofia imerudi nyuma, mimi nimesimama.

"Dada Klara, kwa bei hiyo nikauzie nani? Masasi tunavaa, hatuli vitenge."

"Korosho mmeuza, kaka. Usinililie mimi."

"Korosho zimelipa madeni. Shusha kidogo."

"Nikishusha hapo nakupa na duka."

Nilikuwa nimemshika. Nilimwona anavuta pumzi ile ya mtu anayetaka kukubali. Mara nakshi kwenye televisheni zikapotea, akatokea Bi. Badria.

Alikuwa mkubwa kama mlango. Amekaa mkekani, khanga kifuani, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari. Wanaume wa mtaa ule wamemjua miaka yote kwa baibui lake, hakuna aliyewahi kuziona nywele zile. Na sauti ikatoka, nzito, ya karibu:

"...akikuletea jambo la pesa, usimjibu ukiwa umesimama. Kaa chini. Mwambie nimekusikia. Kisha tafuta kazi ya mikono, chambua mchele, funga shanga, chochote. Mwanamume hawezi kimya. Ataanza kujijibu mwenyewe, na kila akijijibu anaongeza. Sasa la pili, mwanangu, hili ni la ndani..."

Nilikuwa natafuta rimoti. Ilikuwa chini ya Ignasi.

"Inuka."

"Subiri, dada. Anasema la ndani."

"Ignasi, inuka."

"La kwanza tu limenifumbua macho, la pili je?"

Nikaacha rimoti, nikauendea ukuta, nikang'oa plagi. La pili hatukulisikia. Kutoka uani, kwa mbali, tukasikia sauti ile ile ikiendelea, ndogo, maneno hayashikiki. Yeye hakuwa na habari.

Ignasi akaweka kofia yake sawa.

"Kumbe ndiyo maana mke wangu huchambua mchele," akasema. "Sasa, dada, tulikuwa wapi?"

"Kwenye bei."

"Eeh. Bei." Akatabasamu. "Na mimi saa saba nakutana na wenzangu wa Masasi pale Mnazi Mmoja. Tutakuwa na mengi ya kuongea."

Hakutaja zaidi, na sikumtaka ataje. Wenzake wale ni wanunuzi, maneno yao yanasafiri na mizigo yao. Ikifika jioni, Kariakoo nzima ingejua kwamba ukikaa dukani kwa Klara unaonyeshwa unyago. Bi. Badria asingepata tena mwali, na mimi nisingepata tena sare, na pengine chumba pia. Nikapiga hesabu kwa haraka, kama ninavyopiga siku zote.

"Chukua kwa bei yako," nikamwambia. "Na mdomo ufunge."

"Mdomo gani?" akasema, akanipa mkono. Akaacha mzigo upangwe, akaenda kutafuta gari la kwenda kituo cha mabasi.

Nikamngoja Bi. Badria afunge somo, nikaingia uani, nikamwambia lote. Sikumficha kitu. Mambo kama yale mtu akiyasikia kwa mwingine yanakuwa mara mbili.

Alikuwa ameshajitanda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwali alisema ananiona kwa mbali," akasema. "Nikaikuza picha yangu mwenyewe, kisha nikabonyeza kile kialama cha pembeni, chenye umbo la kioo. Nilidhani kinakuza."

"Kilikuza, mama. Lakini kwangu."

Hakucheka. Kwa mara ya kwanza nilimwona mikono yake imekaa tu, haina kazi.

"Alisikia la kwanza peke yake?"

"La kwanza peke yake. La pili niling'oa waya."

"Na kichwa changu alikiona."

"Alikiona."

Akakaa kimya kirefu. Safari hii sikujijibu chochote; nilikuwa nimeshapata somo bure. Adhana ya adhuhuri ikatoka, akainuka, akaenda kutawadha, akasali. Mimi nikabaki pale uani na kuku wake. Aliporudi alikuwa amevaa baibui kamili na uso umerudi mahali pake.

"Huyo mwanamume ni wa wapi?"

"Masasi."

"Kabila?"

"Mmakua."

"Kwao wanacheza?"

"Jando na unyago, vyote. Kila msimu ananiletea habari za ngoma za huko, na vitenge vyake vingi ndiko vinakokwenda."

"Basi anajua sheria. Mwite."

Nikampigia, nikamwambia kuna jambo la mzigo wake. Akaja mbio, kofia mkononi, kabla ya saa saba. Alipomkuta Bi. Badria amekaa kwenye kiti changu cha ofisini, hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Usiogope, kaa." Akaonyesha robota lile lile. "Nimeambiwa jina lako Ignasi. Nimeambiwa leo umeingia mahali."

"Sikuingia, mama. Nilikuwa nimekaa. Mahali ndipo palipokuja."

"Sawa. Kwenu Masasi, mwanamume akipita njiani akajikuta ameingia kwenye ngoma ya wali, hakukusudia, wanamfanyaje?"

Ignasi akatazama sakafu. Mtu mzima yule, mwenye tumbo lake na maduka yake mawili, akawa kama amekamatwa na mwalimu.

"Wanamkamata."

"Wanamwachia vipi?"

"Analipa, mama."

"Analipa nini?"

"Nguo na kuku."

"Akishalipa?"

"Akishalipa hakuona kitu."

"Na asipolipa, akaenda kusimulia?"

"Huyo..." Akajikuna shingo. "Huyo hata mama yake mzazi hampi maji. Wanawake wa kijiji chote wanamjua. Mkewe ndiye wa kwanza."

"Sasa mimi nimekaa hapa," akasema Bi. Badria.

Ignasi hakubisha. Mimi, niliyembishia asubuhi nzima mpaka koo likakauka, nilimwona akinyanyuka, akavuka barabara, akarudi na doti ya khanga, mpya, ya bei nzuri. Kuku alikwenda kumtafuta sokoni, akarudi naye amemkumbatia, jogoo mwekundu, anamkwaruza shati. Akavipokeza kwa mikono miwili. Bi. Badria akavipokea kwa mikono miwili.

"Umeona nini leo?" akamuuliza.

"Nimeona vitenge, mama."

"Nenda na amani."

Hapo ndipo uchungu uliponiingia. Nilikuwa nimeshamshushia bei anyamaze, na kumbe alikuwapo wa kumnyamazisha bila mimi kutoa hata uzi, tena kwa kumtoza. Ningengoja saa mbili tu. Nikamfuata mlangoni.

"Kaka Ignasi, ile bei ya asubuhi tuiangalie upya."

"Ipi?"

"Ile niliyokushushia."

"Kwa sababu gani ulinishushia, dada?"

Kuitaja sababu ni kusimulia. Bi. Badria alikuwa ananitazama. Ignasi akacheka mpaka jogoo akashtuka mikononi mwa mwenye nyumba.

"Na wewe, Mama Beno," akasema Bi. Badria, "unakwenda wapi? Wewe umeona nini leo?"

"Mimi mwanamke, mama."

"Umechezwa?"

"Kwetu Songea shangazi alinikalisha jikoni jioni moja, akanieleza yake, basi."

"Basi hukuchezwa. Kwa sheria, wewe na huyu ni kitu kimoja."

"Afadhali mimi nimeshalipa," akasema Ignasi.

"Mama, mimi ni mwenye nusu ya laini," nikamwambia.

"Nusu ya laini, ndiyo. Nusu ya somo hukununua."

Nikajaribu kuingiza ule mzigo niliopotezea faida kama sehemu ya faini. Akasema faida yangu niliipoteza kwa haraka yangu, hakunituma. Nikajaribu doti ya khanga bila kuku. Akasema kama sina kuku basi jora la kitenge, nichague mwenyewe, lakini lisiwe lililokaa na panya. Nikasema nusu jora. Akasema ameshanisikia, akaanza kumfunga jogoo miguu taratibu kwa kamba, na mimi nikajua ninakoelekea. Nikatoa jora zima, la nakshi mpya, kabla sijaanza kujiongezea.

Siku ile ile nikamwita Mudi. Alipoelezwa, alishika kichwa, akasema bomba alilolifananisha halikuwa na televisheni. Akaugawa ule mtambo wa faiba uwe na majina mawili: jina la upande wangu, lenye kompyuta yangu na televisheni, na jina la upande wa Bi. Badria, lenye mashine yake peke yake. Pande hizo mbili haziwezi kuonana hata zikitaka. Neno la siri la upande wake Bi. Badria alilibonyeza mwenyewe, amempa Mudi kisogo, amenipa na mimi kisogo. Kisha akamwambia Mudi arushe picha kutoka kwangu mara tatu, na yeye ajaribu kurusha kutoka kwake mara tatu. Ukuta ukabaki na vitenge vyangu. Ndipo akamwacha aende zake, na hakumtoza faini. Alisema fundi hakuona wala hakusikia.

Lililobaki lilikuwa la Maskati, alikokuwa mwali wa asubuhi ile. Nilimshauri akae kimya. Mwali hajui, mama yake hajui, Ignasi amefungwa, mimi nimefungwa, nani atasema? Akaniambia faini ya ngomani si ya kungwi, ni ya mwali, na hawezi kumpelekea mwali nguo bila kumwambia imetoka wapi. Akampigia mama mtu mchana ule ule. Niliisikia sauti ya yule mama ikipanda, kisha ikashuka. Doti ya Ignasi na jora langu vikaenda Maskati na msafiri. Jogoo hakuweza kupanda ndege; mwali akaambiwa aliliwa kwa jina lake. Mimi nilipata paja.

Sasa niseme tumefika wapi, maana mwaka umepita.

Mwali yule alimaliza somo lake na Bi. Badria, akaolewa, ametulia. Lakini alikuwa na wadogo zake wawili, na wote wawili walipofika wakati wao walipelekwa kwa kungwi mwingine. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na neno. Salamu za Idi zinakuja kama kawaida. Bi. Badria alihesabu hiyo kama hasara yake, akaiweka kando. Nilimwambia angenyamaza angewapata wote watatu. Akaniambia angewapata, lakini kila akiwasha mashine angekuwa anamwogopa Ignasi. Sasa hamwogopi mtu. Leicester wameongezeka, na huyo mama wa Maskati, pamoja na yote, hajamsimulia mtu yeyote. Kungwi aliyejitaja mwenyewe alimwachia nini cha kusimulia?

Upande wake wa laini ni wake mtupu, na nusu ya malipo naleta mimi kila mwezi, tarehe ile ile. Hapo amepata.

Mimi jora halirudi. Sare zinakuja, zaidi ya zamani, kwa sababu familia za Leicester nazo zina ndugu huku. Na la kimya lile ninalitumia. Wakala wa Guangzhou akitaja bei, namwambia nimekusikia, nachukua kitambaa, nakunja. Mara mbili ameshuka mwenyewe. La pili, lile la ndani, silijui, na Bi. Badria amenieleza wazi kwamba anayelitaka anakaa mkekani siku zote za somo kama wali wengine. Bado napima.

Aliyenishinda ni Ignasi. Anakuja kila msimu, anakaa kwenye robota, anarudisha kofia nyuma.

"Dada Klara, nipe kwa bei yangu."

"Bei yako ipi, kaka? Mafuta yamepanda, bandari imepanda."

"Ile ile."

"Ile ilikuwa ya siku moja tu."

"Siku gani?" ananiuliza, macho makavu kabisa.

Siwezi kuitaja. Nikiitaja, nina faini nyingine, na ya pili inasemekana ni mbuzi. Kwa hiyo anabeba kwa bei ile, na kwa kuwa ni bei nzuri anabeba marobota mengi kuliko zamani, na wenzake wa Masasi wamemfuata, wao nawauzia kwa bei yangu. Nimepiga hesabu upande huu na upande huu. Kwa robota moja moja nimepoteza. Kwa mwaka, nimepata kidogo.

Hata hivyo nitaendelea kumbishia.